Maombi elfu moja kwa mteja mmoja

Mkurugenzi alikuwa ameshalipia mtandao wa kasi maradufu, na bado tawi la Kasulu lilikuwa linakaa zaidi ya dakika moja kusubiri ukurasa wa mteja mmoja ufunguke. Morogoro, makao makuu, ukurasa huohuo ulifunguka kabla kidole hakijaachia kipanya. Lawama zilikuwa zimegawanywa kama ilivyo desturi ya maofisi. Matawi walisema makao makuu wamewatelekeza, makao makuu walisema matawi wanapakua sinema mchana kweupe, na mtoa huduma wa mtandao alisema upande wake kila kitu kiko sawa. Mimi niliyeitwa kusaidia upande wa IT nilitegemewa nijue nani kati yao ni mwongo. Hakuna aliyekuwa anasema uongo, isipokuwa labda kidogo kwenye suala la sinema.

Kampuni inasambaza pembejeo: mbegu, mbolea, viuatilifu na vipuri vya pampu za kupulizia. Ina matawi Mbeya, Kasulu na Mwanza, na ghala dogo Mlimba linalochangamka wakati wa msimu. Shughuli zote, yaani wateja, mikopo ya msimu, stoo na risiti, zilikuwa kwenye kanzidata moja ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza na kutafuta kumbukumbu. Faili moja, limewekwa kwenye folda ya pamoja ndani ya kompyuta moja pale Morogoro, na matawi yanalifikia kwa VPN, yaani njia ya faragha inayopita juu ya intaneti.

Faili lile lilitengenezwa na mhasibu mkuu, mama mmoja ambaye hajawahi kukaa darasani kusomea programu. Alianza na Excel, ikamzidi, akajifundisha Access jioni baada ya kufunga hesabu. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wa fani yangu wana ugonjwa wa kuicheka Access. Imekuwepo tangu 1992, na biashara nyingi ndogo zimesimama juu yake bila kelele. Hili faili lilijua mambo ambayo hakuna mfumo wa kununua ungeyajua: kwamba mkulima wa mpunga analipa baada ya mavuno na si mwisho wa mwezi, kwamba kikundi kinaweza kukopa kwa jina moja na kulipa kwa majina kumi.

Nilipoingia ofisini kwake nilimsalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuja kuniulia mtoto."

"Hapana mama. Nimekuja unieleze anavyofanya kazi."

Akaniambia nivute kiti. Tulikaa mpaka chai ya saa nne ikapoa.

Kabla ya kugusa chochote nilimpigia karani wa Kasulu, kwa sababu sentensi "mtandao uko chini" haina msaada wowote kwa mtu anayetafuta tatizo. Nilitaka kujua ni ukurasa gani, anabonyeza nini, na anasubiri wapi. Alijibu vizuri kuliko wataalamu wengi niliowahi kuwauliza: "Kaka, ukurasa wa bei unafunguka vizuri tu. Wa mteja ndiyo shida. Na inaanza kabla sijaandika hata jina. Kile kisanduku cha kijiji kinakuwa cheupe, kinahangaika, halafu ndiyo vingine vinafuata." Niliyaandika maneno hayo yalivyo. Baadaye yalinifaa kuliko vipimo nilivyokuja navyo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kawaida, ping. Kutoka Kasulu hadi Morogoro, siku nzuri, ujumbe mdogo ulikwenda na kurudi kwa milisekunde kama 60. Ndani ya ofisi ya Morogoro, kutoka meza hadi meza, haikufika hata milisekunde moja. Nikapima kasi ya kupakua Kasulu, nikakuta megabiti 20 na zaidi kwa sekunde. Mtu anaangalia video kwa kasi hiyo bila mkwamo. Kwa hiyo bomba lilikuwa pana, na mkurugenzi hakuibiwa pesa yake.

Halafu nikawasha Wireshark, programu ya bure inayokuonyesha kila kinachopita kwenye waya, nikamwomba karani afungue mteja mmoja tu. Kompyuta yake ilituma maombi 1,100 na ushee kwenda Morogoro. Maombi madogo madogo: nipe kipande hiki cha faili, haya nipe kinachofuata, funga kufuli hapa, fungua pale. Na mengi yalikuwa ya kusubiriana, yaani la pili haliondoki mpaka la kwanza lipate jibu. Zidisha 1,100 kwa milisekunde 60, unapata sekunde 66. Zidisha kwa nusu milisekunde ya ndani ya ofisi, unapata nusu sekunde na kidogo. Fumbo lote lilikuwa kwenye hesabu hiyo ya darasa la nne. Niliiandika kwenye karatasi nikaipeleka kwa mkurugenzi bila maelezo mengine.

Aliiangalia, akauliza swali zuri: "Sasa zile pesa nilizoongeza zilifanya nini?" Zilipanua bomba. Lakini ukimtuma mtoto dukani akalete chumvi, akarudi, ukamtuma kiberiti, akarudi, ukamtuma sabuni, haisaidii kumnunulia kapu kubwa zaidi. Kilichokuwa kinatula ni idadi ya safari na urefu wa njia.

Urefu wa njia nao hauna mjadala. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Weka kilomita elfu moja na mia kadhaa za kuzungukazunguka kati ya Kasulu na Morogoro, kwenda na kurudi, na tayari umeshatumia zaidi ya milisekunde 10 kabla hujaongeza rauta hata moja. Zilizobaki zinaliwa na vifaa vya katikati, na VPN yenyewe, na kituo ambacho data zinalazimika kupitia hata kama si njiani. Unaweza kumsumbua mtoa huduma akapunguza kidogo. Kuzifuta huwezi. Wanaotumia satelaiti za zamani, zile zilizotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta, hali yao ni mbaya zaidi. Swali likipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha. Ukurasa wetu ungewachukua karibu dakika tisa hata wakilipia megabiti 100.

Kwa nini maombi elfu moja? Hapa ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya Access. Wanadhani kompyuta ya Morogoro inatafuta mteja halafu inamtuma Kasulu. Hapana. Kompyuta ya Morogoro katika mpangilio ule haijui kama kuna mteja. Inajua kuna faili tu, na inagawa vipande vyake kwa yeyote anayeomba. Anayetafuta ni kompyuta ya Kasulu yenyewe. Inaleta faili kwake kipande kwa kipande, kila kipande kilobaiti 4, na kuchambua hukohuko. Kama safu unayotafutia haina faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha nini kiko wapi, inabidi ilete jedwali zima ili ione mstari mmoja. Faharasa ikiwepo inaleta vipande vichache zaidi, ila bado inavileta yenyewe, kwa miguu yake, kutoka Morogoro.

Mpangilio huo unafaa sana watu wakiwa jengo moja na waya mmoja. Ulibuniwa kwa ajili hiyo. Wenyewe waliotengeneza Access wanaonya kuhusu kuitumia hivi juu ya mtandao wa masafa marefu, na si kwa sababu ya kuchelewa kwake tu. Muunganisho ukikatika wakati kompyuta ya tawini iko katikati ya kuandika, kipande nusu kinabaki ndani ya faili, na faili lote linaweza kugoma kufunguka kwa kila mtu. Mama mhasibu aliijua hatari hiyo bila kuambiwa na mtaalamu. Kila jioni aliwaamuru wote watoke, akalikaza na kulitengeneza faili kwa ile amri ya ndani ya Access, kisha akalinakili kwenye diski ya nje aliyoondoka nayo nyumbani. Umeme ukikatika Mbeya saa nane mchana, wa kwanza kushika simu alikuwa yeye: "Nani alikuwa anaandika?"

Tulianza na huduma ya kwanza. Faili lilikuwa moja, fomu na data pamoja, kwa hiyo hata vitufe na rangi za skrini vilikuwa vinasafiri kutoka Morogoro kila mtu anapofungua. Tuliligawa. Data zikabaki kwenye folda ya pamoja, fomu na ripoti zikawa faili la pili ambalo kila mtumiaji analo kwenye kompyuta yake. Tukaongeza faharasa kwenye namba ya simu na namba ya mteja, maana wateja hutafutwa kwa simu kuliko jina. Majina yanafanana mno. Tukaweka fomu moja iliyofichwa inayoshikilia muunganisho wazi muda wote, ili lile faili dogo la kufuli, linaloandika nani yuko ndani, lisiundwe na kufutwa kila mara. Na kulikuwa na nembo ya kampuni, hindi la njano lililopigwa picha na kamera nzuri, limepachikwa kwa ukubwa wake wote kwenye kila fomu. Nililitoa nikaweka maandishi. Afisa masoko alinuna wiki nzima.

Kasulu wakashuka kutoka dakika moja na zaidi hadi kama sekunde 40. Ni nafuu, ila mteja aliyesimama dirishani na mfuko wa mbolea begani haioni.

Baada ya hapo tukahamia rimoti. Mtumishi wa tawini anaingia kwenye seva, kompyuta inayohudumia nyingine, iliyoko Morogoro, programu inafanya kazi hukohuko karibu na data, kinachosafiri ni picha ya skrini na herufi anazobonyeza. Zile safari elfu moja sasa zinafanyika ndani ya chumba kimoja. Kasulu walishangilia siku ya kwanza, na kwa kweli kama una matawi mawili na watu wachache, ningekushauri uishie hapo. Hakuna njia ya haraka zaidi, na hubadilishi mstari hata mmoja wa programu.

Ila ina mambo yake. Windows Server inaruhusu watu 2 tu kuingia kwa rimoti bila leseni ya ziada, na hao ni kwa ajili ya usimamizi wa seva. Wengine wote wanahitaji leseni, na ukiweka huduma hiyo unapewa siku 120 za kujaribu kabla haijaanza kuwakatalia watu. Ofisi nyingi hugundua siku ya 121. Pia kuna suala la kuchapisha. Siku za mwanzo risiti za Mbeya zilikuwa zinatoka kwenye printa ya Morogoro, mlinzi wa zamu anazikuta asubuhi zimejaa sakafuni, huku mteja Mbeya ameondoka na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono. Ilitubidi tukae na kila tawi kuweka dereva ya printa inayolingana pande zote mbili. Printa za risiti, zile ndogo za karatasi ya joto, ndizo zilizotutesa zaidi.

Na jambo moja ambalo sitaki kulipita kwa haraka. Usifungue mlango wa rimoti moja kwa moja kwenye intaneti. Kuna mitambo inayozunguka dunia usiku na mchana ikibisha hodi kwenye mlango namba 3389, ambao ndio wa rimoti, na wakiingia wanafunga mafaili yako yote na kudai fidia. Kubadilisha namba ya mlango hakuwazuii, kunawachelewesha tu. Watu waingie VPN kwanza, rimoti baadaye, na nenosiri lisiwe jina la kampuni na mwaka.

Tuliishi na rimoti msimu mzima. Kilichotusukuma mbele ni vitu viwili. Mtandao wa Mwanza ulikuwa unayumba, na rimoti kwenye mtandao unaoyumba inaudhi kuliko kitu chochote, kwa sababu unaandika herufi na kuiona baadaye, unafuta mbili badala ya moja. Pili, faili lenyewe. Access haikubali faili kuzidi gigabaiti 2, na letu lilikuwa limeshapita 1.4 na kila msimu linanenepa. Tulihitaji mahali ambapo kompyuta ya Morogoro inatafuta yenyewe na kutuma jibu peke yake.

Tulichagua SQL Server Express toleo la 2019, kanzidata ya Microsoft inayofanya kazi hivyo. Ni ya bure, inakubali gigabaiti 10 kwa kanzidata moja, na tayari tulikuwa na Windows Server. PostgreSQL, nyingine ya bure ya aina hiyo, nayo ingefaa, na kama ofisi ingekuwa na mtu anayeifahamu vizuri ningeipendelea. Lakini huwezi kumwachia mama mhasibu kitu ambacho ukisafiri hakuna mtu Morogoro anayeweza kukigusa. Fomu zake tulizibakiza kwenye Access vilevile, ila sasa zikifanya kazi kwenye kompyuta za matawi bila rimoti. Watumishi hawakutakiwa kujifunza skrini mpya.

Chombo cha kuhamishia majedwali kinatolewa bure na hufanya sehemu kubwa ya kazi. Sehemu iliyobaki ni kukutana na dhambi za miaka iliyopita. Kwa mfano tarehe. Dereva ya zamani ya kuiunganisha Access na seva, iliyokuwa kwenye kompyuta za matawi, iliona aina mpya ya tarehe kama maandishi matupu, kwa hiyo tukatumia aina ya zamani, datetime, ambayo haikubali mwaka wowote kabla ya 1753. Access inakubali hadi mwaka wa 100. Basi kukaibuka mikopo ya mwaka 201 na mwaka 213, mtu alikosa sifuri au moja akiharakisha foleni. Kila mstari wa namna hiyo ulimrudia mama mhasibu na daftari lake la karatasi, na aliipata tarehe ya kweli karibu yote. Wakati mwingine aliitaja kabla hajafungua daftari.

Jumatatu ya kwanza baada ya kuhama, Mbeya wakapiga simu: mbona kama kabla ya rimoti? Kasulu vilevile. Ofisini wakaanza kunong'ona kwamba seva ni hadithi.

Hili ndilo eneo ninalotamani watu wengi walielewe kabla hawajatumia pesa, kwa sababu ushauri wa "hamia SQL Server" unatolewa kama vile kuhama kwenyewe ni dawa. Fomu iliyozoea kukabidhiwa jedwali zima itaendelea kuomba jedwali zima, hata kama sasa anayejibu ana akili. Access ikiunganishwa na jedwali la seva, huomba kwanza funguo, yaani namba za utambulisho, za mistari yote inayohusika, halafu huleta mistari yenyewe kwa mafungu ya kumi kumi. Fomu ya mteja ilikuwa inafunguka ikiwa imeshikilia wateja wote, ikisimama kwa wa kwanza. Hiyo peke yake ilikuwa ni safari nyingi kabla mtu hajaandika herufi.

Kwa hiyo tulibadilisha mwenendo wa fomu. Ilifunguka tupu, na kisanduku kimoja cha kutafutia. Unaandika namba ya simu, inaenda Morogoro mara moja, inarudi na mteja mmoja. Mwanzoni mama mhasibu hakuipenda, alizoea kupekua wateja kwa mshale wa chini kama anavyopekua leja. Nikamwekea orodha ya wateja wa wilaya moja kwa wakati, akaridhika nusu.

Halafu kikaja kile kisanduku cheupe cha karani wa Kasulu. Nilikifungua kwa ndani nikakuta orodha ya vijiji. Si vya mkoa wao wa Kigoma tu. Nchi nzima, zaidi ya 12,000. Mtu fulani miaka ya nyuma alipata orodha kamili akaiona ni neema, akaibandika. Kila fomu ya mteja ilipofunguka, Kasulu walikuwa wanashushiwa vijiji vya Mtwara na Pemba ili mtu achague kijiji kilicho umbali wa baiskeli. Tuliweka nakala ya orodha hiyo ndani ya faili la fomu la kila kompyuta, maana vijiji havibadiliki kila siku, na kisanduku kikataka wilaya kwanza. Uamuzi mdogo, na ndio uliopunguza muda kuliko kingine chochote tulichofanya upande wa fomu.

Kilichofuata ni salio. Kwenye orodha ya mikopo kila mstari ulikuwa unajihesabia salio lake kwa kwenda kujumlisha malipo. Mistari 40 ni safari 40, na mara nyingi zaidi ya hapo. Hesabu hiyo tuliihamishia kwenye seva, ikawa inajumlisha yote kwa mkupuo na kutuma namba zilizokamilika. Ripoti kubwa nazo tuliziandika upya zifanyike Morogoro mwanzo hadi mwisho. Hapo kuna mtego mmoja: ukichanganya ndani ya swali moja jedwali la seva na jedwali lililoko kwenye kompyuta yako, au ukatumia amri ambazo Access peke yake ndiyo inazielewa, seva inashindwa kulijibu na Access inavuta kila kitu kuja kuchambua yenyewe. Hakuna onyo. Ripoti inatoka sahihi kabisa, ila baada ya robo saa.

Yalijitokeza na mengine ya kawaida. Watu waliletewa ujumbe kwamba mtu mwingine amebadilisha rekodi wakati wako peke yao. Chanzo kilikuwa visanduku vya ndiyo na hapana vilivyokuja bila thamani yoyote. Access haijui kitu kilicho kati ya ndiyo na hapana. Tukavijaza vyote, tukavipa thamani ya kuanzia, na tukaongeza kwenye kila jedwali safu ya toleo la mstari ambayo seva inaibadilisha yenyewe. Ujumbe ukakoma. Express haina ratiba ya kujifanyia nakala za akiba, hivyo tulitumia ratiba ya Windows yenyewe kila usiku, na nakala moja inatoka nje ya jengo.

Nilipowasha tena Wireshark Kasulu, ukurasa wa mteja ulikuwa unatuma maombi chini ya 30. Kwa milisekunde zilezile 60 hiyo ni chini ya sekunde mbili. Karani alinitumia ujumbe wa sauti akicheka, akisema sasa hana kisingizio cha kwenda kunywa chai.

Kulikuwa na mvutano kuhusu mahali pa kuweka seva. Kijana mmoja wa Mwanza, ambaye namheshimu kwa kujisomea, alitaka tuipeleke kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, na hoja zake zilikuwa na uzito: umeme wa Morogoro si wa kuaminika, na chumba cha seva kilikuwa stoo ya zamani ya viuatilifu. Mimi nilipinga kwa hesabu ileile ya safari. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi viko Johannesburg na Cape Town, na wateja wetu wote wako Tanzania. Tulikubaliana ibaki Morogoro, tukanunua betri na inveta, na paa likazibwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ikalia intaneti, na sisi matawi yakaendelea kutoa risiti, kwa kuwa data zetu zinapita kwenye mkongo wa ndani na hazina haja ya kwenda baharini. Siku hiyo sikujisifu kwa sauti. Lakini nakiri kwamba kama mtoa huduma wetu angekuwa wa wale wanaozungusha hata data za ndani kupitia nje, hoja yangu ingeanguka palepale, na ni swali la kumwuliza mtoa huduma kabla hujasaini.

Mlimba ndiko kulikobaki. Pale hakuna nyaya, kuna modemu ya simu, na msimu wa mvua kipimo changu kilipanda hadi milisekunde 400 na kisha kupotea kabisa kwa saa nzima. Hakuna fomu iliyoandikwa vizuri inayoweza kushindana na hilo. Tukaachana na wazo la Mlimba kuwa hewani muda wote. Wana faili lao dogo la Access kwenye kompyuta mpakato, lenye wateja wao na bei za msimu tu, wanauza mchana kutwa bila kumtegemea mtu. Jioni mtandao ukitulia wanabonyeza kitufe kimoja, mauzo yanakwenda Morogoro, bei mpya zinarudi.

Ugumu ulikuwa kwenye namba za risiti, kwa sababu pande mbili zisizoonana zitatoa namba moja kwa watu wawili tofauti. Mama mhasibu alilimaliza kabla sijafungua mdomo. Enzi za vitabu vya risiti, alisema, kila ghala lilikuwa na kitabu chake chenye herufi zake, na hakuna aliyewahi kuchanganya. Basi risiti za Mlimba zinaanza na ML, zinahesabiwa hukohuko, na Morogoro inazipokea zilivyo. Mikopo hawaruhusiwi kuitoa wakiwa nje ya mtandao, isipokuwa kwa mteja ambaye salio lake lilikuja pamoja na bei za jana yake, na kwa kiasi ambacho mama mhasibu anakipanga mwenyewe kila Jumatatu.